Mazingatio ya Ngolo

Yeyote apandaye milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, mvua zikiwa zakaribia kukoma, ataona majani yaliyofyekwa yamelazwa juu ya mteremko kwa mistari ikatanayo mirabamiraba, na kina mama wakichimba udongo wa katikati na kuyafukia majani yale, hata yakasalia mashimo yazuiayo maji yasichukue ardhi, na juu ya matuta yanayoyazunguka mashimo hayo yakapandwa maharage, kisha, msimu ujao, mahindi. Nayo ndiyo kazi iitwayo ngolo, ambayo binti huirithi kwa kuutazama mkono wa mamaye. Mimi naihesabu kuwa elimu kamili, wala sioni iliyo bora kuliko hiyo katika kuufundisha moyo kutulia. Hata kahawa, ambayo ndiyo fedha ya Mbinga, huvunwa msimu mmoja tu kwa mwaka. Na kule pwani ya Ziwa Nyasa, mvuvi wa dagaa waitwao usipa hukesha na taa yake katika usiku wa giza, macho hayabanduki majini. Lakini kijana wa leo, ambaye simu humwita kila dakika na kumwahidi utajiri wa kamari kabla ya jua kuchwa, anapokonywa rasilimali iliyotangulia fedha zote, yaani mazingatio. Simu yenyewe siilaumu, maana humpasha mkulima bei na kumfikishia malipo. Nailaumu kamari, na ukimya wetu sisi wakubwa. Enyi wazazi wa Mbinga na Nyasa, likizo ijapo, wachukueni watoto shambani, na simu zibaki nyumbani.