Kudurusu ni kujiuliza maswali

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo wa nguo Guangzhou, China, wanaujua mtaa wa Shisanhang: maduka ya jumla yaliyobanana, marobota kila kona, bei zikitajwa kwa haraka. Si wote wanaojua kwamba kati ya 1757 na 1842 karibu biashara yote ya meli za Wazungu na China ilipitia mtaa huo.

Wageni walikatazwa kujifunza Kichina. Kwa hiyo wenyeji ndio waliojifunza Kiingereza cha kuuzia, tena kwa vijitabu vya bei rahisi. Mmarekani William Hunter, aliyefanya kazi hapo, alieleza katika kitabu chake cha 1882 kwamba vijitabu hivyo viliuzwa senti moja au mbili, na kwamba alikuwa akiviona mikononi mwa watumishi, makuli na wenye maduka. Matamshi ya Kiingereza yaliandikwa kwa herufi za Kichina.

Mwenye duka hakuwa na nafasi ya kukikariri kijitabu mpaka akiweze. Mteja alipoingia, neno lilitakiwa papo hapo, kitabu kikiwa kimefungwa. Likimpotea, alijua ni lipi la kurudia.

Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki hufanya kinyume chake. Mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, wanakesha na madaftari, wanapiga mistari, wanasoma notisi zilezile mara ya nne. Ukurasa ukishazoeleka machoni, mtu hudhani ameelewa.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliipima dhana hiyo. Kundi moja la wanafunzi lilisoma habari katika vipindi vinne. Jingine lilisoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likaandika liliyoyakumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano wasomaji waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wasomaji walikumbuka asilimia 40, waliojipima asilimia 61.

Mtihani wa taifa haufanywi dakika tano baada ya kufunga daftari. Ndiyo maana saa za prepu zinazotumika kusoma upya zinafaa kugawanywa: nusu kusoma, nusu kuandika bila daftari, halafu kusahihishana. Tanzania vifaa vipo. Baraza la Mitihani hutoa maswali ya miaka iliyopita pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha walikosea wapi na kwa nini. Taarifa hizo zinastahili kufika darasani, zisiishie ofisini kwa mwalimu wa taaluma.

Wapo watakaosema njia hii itazaa ukariri wa majibu. Hofu hiyo ina msingi, na Guangzhou yenyewe ni ushahidi: mji huo ulikuwa na ukumbi wa mitihani ya kifalme wenye maelfu ya vyumba vidogo, na watahiniwa wengi walikariri insha za mfano, hadi mfumo huo ulipofutwa mwaka 1905. Dawa ni kubadili swali. Aliyeeleza usanisinuru Jumatatu aulizwe Ijumaa kwa nini mche uliofunikwa ndoo hudhoofika, na wiki ya pili achore mchoro wa usanisinuru bila kutazama. Kazi hiyo inahitaji karatasi, kalamu na mwalimu aliye tayari kusahihisha.