Joto la Kadi ya Picha: Kosa la Nyumba au Kosa la Kiwanda?

Kompyuta ya michezo imekwisha kuingia hata katika baadhi ya nyumba za kambini. Pengine hununuliwa na kijana kwa akiba yake, pengine na baba aliyerudi kutoka zamu ya Somalia. Siku mbili za kwanza ni furaha tupu. Siku ya tatu feni zavuma kama mashine ya kusaga, picha zakatikakatika, na mara kioo chote kinakuwa cheusi. Mama akiweka mkono nyuma ya kasha auondoa upesi. Ndipo wasiwasi uingiapo, kwa maana fedha zilizokwenda pale zingeweza kuezeka nyumba ya kijijini.

Kwanza ieleweke kwamba joto lenyewe si kosa. Kadi ya picha, yaani kile kibao chenye feni zake kinachochora kila kionekanacho katika kioo, ndiyo aghalabu ilayo umeme mwingi kuliko viungo vyote vya kompyuta ya michezo. Kadi ndogo kama GeForce RTX 4060 imepimiwa wati 115. Ile kubwa ya RTX 4090 yafikia wati 450, na karibu umeme huo wote hugeuka joto. Hiyo ni karibu nusu ya pasi ya umeme ya wati 1000, nayo imefungiwa ndani ya sanduku jioni nzima. Kwa hiyo nyuzi 70 za sentigredi, hata 80, wakati wa mchezo mzito si ugonjwa. Kwa RTX 4090 kiwanda kimeandika kikomo cha nyuzi 90; kadi ikikaribia kikomo chake hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na hapo picha huweza kuanza kukatika. Kadhalika, feni zikisimama wakati kompyuta haina kazi kubwa, mtu asidhani zimekufa. Kadi nyingi zimetengenezwa hivyo.

Mkono haupimi joto. Katika kompyuta ya Windows 10 iliyo na marekebisho ya 2020 au baadaye, na katika Windows 11, hubonyezwa Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha hutafutwa sehemu ya utendaji. Chini ya jina la kadi huonekana joto lake. Mchezo mmoja na uchezwe nusu saa, na namba iandikwe daftarini pamoja na saa, kama yaandikwavyo mambo katika kitabu cha zamu. Daftari hili litakuwa na kazi baadaye.

Baada ya hapo umeme uzimwe, waya uchomolewe ukutani, na kifuniko cha ubavuni kifunguliwe. Jambo la kwanza la kutazama laweza kuchekesha: kompyuta nyingi zilizoundwa dukani husafirishwa zikiwa na sponji ndani ya kasha, ili kadi isivunjike njiani, na wako walioiwasha bila kuiondoa. Itazamwe pia nailoni nyembamba iliyobandikwa katika vipande vipya, na waya uliolegea hata kugusa feni. Feni za kasha nazo zikaguliwe kwa kipande cha karatasi wakati mashine inafanya kazi: za mbele zivute hewa ndani, za nyuma ziitoe. Feni iliyofungwa kinyume hurudisha ndani ile hewa ya moto.

Sasa mchezo ule ule urudiwe nusu saa, kifuniko kikiwa wazi na watoto wadogo wakiwa mbali. Jaribio hili lina faida kuliko maneno kumi ya fundi. Joto likishuka nyuzi kumi au zaidi, kadi ni nzima. Kasha ndilo lililonyimwa hewa. Basi litolewe kabatini, lisogezwe mbali na ukuta, lisiwekwe juu ya zulia linaloziba matundu ya chini. Tena chumba chenyewe kina neno lake. Chini ya paa la mabati lisilo na dari, saa nane mchana, kadi haina mahali pa kupeleka joto lake. Nyuzi zinazoongezeka chumbani huongezeka karibu vivyo hivyo katika kadi. Kucheza usiku, au kuiagiza programu ya mchezo isichore picha zaidi ya 60 kwa sekunde, hupunguza joto bila gharama yoyote.

Lakini kama kifuniko kilikuwa wazi na namba haikubadilika, au sehemu moja ya kadi yafika nyuzi 110 upesi ilhali nyingine ni 70 tu, kosa laweza kuwa la kiwanda. Jambo hili si la kubuni. Mnamo Desemba 2022 kampuni ya AMD ilitoa kadi ya Radeon RX 7900 XTX, na baadhi ya wanunuzi wakaona nyuzi 110 katika sehemu yenye moto zaidi. Kadi hiyo hupozwa kwa bamba lenye uvungu na maji kidogo ndani yake: maji huwa mvuke penye moto, huganda kuwa matone penye baridi kama chini ya mfuniko wa sufuria, kisha hurudi. Mjerumani Roman Hartung alizipima kadi kadhaa akaona kwamba joto lilitegemea kama kadi imelazwa au imesimamishwa, akalishuku bamba hilo. Januari 2023 AMD ikakiri kwamba baadhi ya mabamba hayakutiwa maji ya kutosha, ikakubali kuzibadilisha kadi hizo. Hakuna feni wala kasha ambalo lingeziponya.

Hapa ndipo familia huweza kupoteza haki yake. Fundi wa jirani atakuja na bisibisi, aahidi kufungua kadi na kuipaka dawa mpya ya kupitisha joto. Kwa kadi ya miaka minne hiyo ni tiba njema. Kwa kadi ya wiki mbili ni hasara, kwa kuwa maduka mengi huikataa kadi iliyokwisha kufunguliwa. Siku za dhamana nazo zahesabika. Kompyuta ipelekwe dukani pamoja na stakabadhi, boksi lake, na daftari lile lenye namba za kifuniko kikiwa kimefungwa na kikiwa wazi. Na kama mwenye mali yuko zamu mbali, mkewe au kijana apewe stakabadhi hiyo mkononi kabla hajaondoka.