Mchawi, Upanga na Nunda Mla Watu



Wiki iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, mama mmoja wa mtaani kwetu alinikabidhi mfuko wa vitabu vya katuni vya Kiingereza alivyovikuta chini ya godoro la mwanawe. Kwenye jalada, mtu kifua wazi ameinua upanga mbele ya mchawi. Mama alitaka jibu moja tu: avichome au amrejeshee mwenyewe? Nilimwomba siku tatu, nikavisoma vyote. Mke wangu bado ananicheka.

Ni mfululizo wa Conan the Barbarian, uliotolewa na Marvel huko Marekani kuanzia 1970 hadi 1993, matoleo 275. Waliouanzisha ni mwandishi Roy Thomas na mchoraji Barry Smith, wakifuata hadithi za Robert E. Howard za miaka ya 1930. Baadhi ya matoleo sikuyapenda hata kidogo: damu kila ukurasa, na wanawake waliochorwa bila ya stara.

Toleo la nne ni jambo jengine. Conan anaukwea mnara ili aibe kito cha thamani. Ndani anamkuta kiumbe mwenye kichwa cha ndovu, kipofu, aliyeteswa na mchawi Yara kwa karne nzima nzima. Mwizi yule anaingiwa na huruma. Mwishowe mchawi anasinyaa na kumezwa na kito chake mwenyewe, mnara unaporomoka, na Conan anaondoka mikono mitupu. Sihri ni haramu, na hilo halina mjadala. Lakini sikuona hapa mtoto akifundishwa kuitamani.

Kilichonikosesha raha ni kwamba Conan hana wa kumrejea. Nikamkumbuka nunda wetu.

Kisa cha Sultani Majinuni kilisimuliwa hapa hapa Unguja, na Edward Steere akakichapisha London mwaka 1870. Ndiye yule yule mmisionari aliyejenga kanisa la Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa. Aliyeandika ni mgeni, ila ulimi ni wa bibi zetu. Paka wa Sultani anakula kuku, kisha mbuzi, kisha ndama. Watu wanalalamika, naye anawajibu kuwa paka ni wake na mali iliyoliwa ni yake pia. Paka anakua akawa nunda, hata akawala wana watatu wa Sultani mwenyewe. Kitinda mimba, aliyekuwa akidharauliwa na baba yake, ndiye anayetoka kumsaka. Anaua mbwa, anamburura hadi nyumbani na kumuuliza mama yake kama huyu ndiye. Siye. Analeta ngawa, siye. Hata tembo naye siye. Kila mara mama anamsihi asiende tena, na kila mara kijana anaaga na kurudi mwituni, mpaka anampata nunda amelala.

Mama yule nilimsimulia kisa hiki barazani. Alicheka alipofika kwa Sultani na paka wake, kisha akanyamaza kidogo. Mwanawe alikuja Jumapili kuufuata mfuko. Nimemrejeshea vyote isipokuwa viwili, ambavyo viko kwa mama yake. Toleo la nne nimemwomba anikopeshe tena, nimsomee binti yangu kwa Kiswahili.