Mpaka Uliwakuta Nyumbani

Wako watu wa namna mbili wasafirio bila ya pasipoti. Wa kwanza ni Mfalme wa Uingereza. Pasipoti za nchi yake hutolewa kwa jina lake, basi yeye mwenyewe hahitaji kuwa nayo. Wa pili ni Mmasai wa Longido anayekwenda Kajiado kumtembelea binti yake aliyeolewa huko, Mkurya wa Tarime anayevuka Sirari kwenda matangani, Mdigo wa Horohoro mwenye shangazi Lunga Lunga, na Mmakonde avukaye Ruvuma kwa mtumbwi. Yule wa kwanza hupigiwa saluti. Hawa wa pili huitwa walanguzi, watoro, watu wasiojua kwao ni wapi.

Majina hayo tunayasikia mijini, na jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba tunayasikia hata shuleni. Sisi tunayakataa, na tunataka kueleza kwa nini.

Kwanza, pasipoti si kitu cha kale kama wengi wadhanivyo. Kijitabu tukijuacho leo kilipewa umbo lake na mkutano ulioitwa na Shirikisho la Mataifa mjini Paris mwaka 1920. Na katika miaka hiyo hiyo, katika Kenya iliyotawaliwa na Waingereza, mwanamume wa Kiafrika alilazimishwa kubeba kipande, nacho akakivaa shingoni ndani ya kibweta cha bati, ili asiweze kumtoroka tajiri wake. Mzee aliyekivaa kipande kile hakuhitaji kufundishwa kwamba karatasi yaweza kuwa kamba.

Pili, mipaka yenyewe haikuchorwa na wakaao juu yake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana huko Ulaya kuchora mstari kutoka mlango wa mto Umba hadi Ziwa Viktoria. Mstari huo ulikwenda moja kwa moja kama uliopigwa kwa rula, ukapinda penye mlima Kilimanjaro tu. Mwaka huo huo Wajerumani na Wareno walipatana kwamba mto Ruvuma uwe mpaka wao. Hakuna mzee wa Kimasai, wa Kikurya, wa Kidigo wala wa Kimakonde aliyeitwa kuulizwa. Watu walilala ndugu wakaamka wageni, na hakuna aliyekuwa amesafiri hata hatua moja. Basi mtu akivuka leo kwenda kuzika mjomba wake, haendi ugenini. Anakwenda kwao, ila mpaka ulimkuta nyumbani.

Tazameni kichekesho kilichopo. Kila mwaka nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka katika mbuga za Serengeti na Mara wakifuata mvua na majani. Watalii hulipa fedha nyingi ili wawaone wakivuka mto, na dunia nzima husema kwamba ni ajabu isiyo na mfano. Lakini mfugaji ajuaye mvua ile ile na majani yale yale, akivuka na mifugo yake, huambiwa kuwa amerudi nyuma kimaendeleo. Mnyama husifiwa kwa hekima ile ile ambayo mwanadamu hulaumiwa nayo!

Watatuuliza wapinzani wetu: Je, mnataka mipaka ivunjwe? La hasha. Viongozi wa Afrika, walipokutana Cairo mwezi wa Julai 1964, waliamua kuiheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru, na uamuzi ule ulikuwa wa busara. Kama kila kabila lingedai mstari wake, bara hili lingeteketea. Wala hatukatai kwamba wako wezi wa mifugo na wafanya magendo. Lakini mwizi ni mwizi, awe na pasipoti au asiwe nayo. Na tunajua sote kwamba wezi wakubwa husafiri kwa ndege, na pasipoti zao zimejaa mihuri. Kuheshimu mpaka ni jambo moja, kumdharau mtu wa mpakani ni jambo jingine.

Tena tusisahau deni letu. Chama cha FRELIMO kilizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Juni 1962, na tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi vilianza huko Chai, katika nchi ya Wamakonde wa Msumbiji. Wapiganaji walivuka Ruvuma kwenda kusini, na wakimbizi kwa maelfu wakavuka kuja kaskazini. Ni ofisi gani ya Wareno ambayo ingewagongea muhuri? Walipofika ng'ambo hii walikuta watu wa lugha yao, na wengine wa ukoo wao. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, undugu huo usioandikwa popote ulikuwa umefanya kazi ambayo karatasi isingaliweza kuifanya.

Leo serikali zenyewe zinaanza kufuata njia hiyo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa tu. Wasomi husifu jambo hili kama fikra mpya. Bibi zetu wa mpakani walilitenda kabla ya itifaki kuandikwa, na hakuna aliyewapa shahada.

Kwa hiyo tunawaomba walimu: mnapotundika ramani ukutani, waelezeni wanafunzi ni nani aliyechora mistari ile, na ni nani aliyekuwa akiishi pale ilipopita. Na ninyi wanafunzi, mkiwa na mwenzenu darasani ambaye babu yake yuko upande wa pili, msimwite mgeni. Muulizeni habari za huko. Kesho baadhi yenu mtakaa nyuma ya meza za mipakani na mihuri mikononi. Mama mzee atakapofika mbele yenu na kapu lake, akisema anakwenda kumwona mjukuu wake aliyezaliwa jana, mtimize sheria kama itakiwavyo, lakini mwanze kwa kumwamkia shikamoo.