Mlima wa Zamani Ndio Uliofutwa Watu

Kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwa mashabiki wa bustani za burudani za Disney, na imerudiwa mara nyingi hadi wengi hawaoni haja ya kuithibitisha. Wanaamini kwamba mchezo wa maji wa Splash Mountain ulikuwa na sura safi ya nje, kilima cha hadithi za wanyama kisichojua siasa, mpaka wakubwa wa kampuni walipoogopa kelele za mwaka 2020 za kupinga ubaguzi wa rangi. Hapo, wanasema, mlima ulivuliwa sura yake ukavikwa siasa, ukaitwa Tiana's Bayou Adventure. Kwao, kile kisiki kikubwa cha mti kilichokaa kileleni kilikuwa historia, na tangi la maji lililosimama pale leo ni uharibifu wa historia.

Naipinga imani hiyo. Siipingi kwa kuwa sura mpya haina dosari. Inayo, na nitaitaja. Naipinga kwa sababu inageuza mambo juu chini. Kazi ya kufuta ilianzwa na wajenzi wa mlima wa kwanza, na walichokifuta ni watu.

Mchezo ule ulifunguliwa Disneyland, California, mwezi Julai 1989. Mwaka 1992 ukafunguliwa pia Tokyo na Florida. Abiria walipanda boti zenye umbo la gogo, wakaelea kati ya mapango yenye wanyama wanaoimba, wakavutwa juu, kisha wakaporomoka mteremko wa karibu mita 16 na kulowa. Hadithi waliyopitishwa humo ilitoka katika Song of the South, filamu ya Disney ya mwaka 1946. Filamu nayo ilitoka katika vitabu vya Joel Chandler Harris, mwandishi wa habari Mzungu wa Georgia. Katika ujana wake, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Harris alijifunza uchapaji katika shamba la Turnwold, na huko akasikia hadithi za Sungura kutoka kwa watu Weusi waliokuwa watumwa. Alizichapa katika kitabu mwaka 1880, akazitia kinywani mwa mzee wa kubuni aliyemwita Uncle Remus.

Filamu ilipotoka, chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kililalamika kwamba inaupamba utumwa. Ilizinduliwa Atlanta, mji uliotawaliwa na sheria za ubaguzi wa rangi, na James Baskett aliyeigiza Uncle Remus hakuwepo kwenye uzinduzi wa filamu yake mwenyewe. Mara ya mwisho Disney kuirudisha kwenye majumba ya sinema ya Marekani ilikuwa 1986. Kampuni haijawahi kuiuza nchini humo kwa kanda wala diski. Miaka mitatu tu baada ya filamu kuonyeshwa kwa mara ya mwisho, kampuni hiyohiyo ikafungua mlima uliojengwa juu ya hadithi zake.

Ilijengwaje? Wanyama walibaki, msimulizi akaondolewa. Uncle Remus hakuonekana popote mle ndani, na kazi yake ya kusimulia akapewa chura. Mtego wa lami unaomnasa Sungura, ambao ndio kisa kinachojulikana kuliko vyote, ukageuzwa kuwa asali. Kwa nje kikawekwa kilima, kisiki na kichaka cha miiba kwenye mteremko. Florida udongo ukapakwa wekundu wa Georgia. Ilikuwa mandhari nzuri sana, sikatai. Lakini ilikuwa Georgia isiyo na mtu Mweusi hata mmoja, ikisimulia hadithi ambazo watu Weusi ndio waliozihifadhi utumwani, vizazi kwa vizazi, bila karatasi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Splash Mountain haikuota pale kama uyoga. Ilichorwa na watu waliokaa mezani wakaamua nini kibaki na nini kisionekane, na uamuzi wao ulikuwa wa kisiasa sawasawa na ule wa mwaka 2020. Tofauti ni kwamba uamuzi wa 1989 ulimpendeza shabiki, naye akausahau. Anayesema leo "msiiguse historia" anatetea kitu kilichokwishaguswa, kikasuguliwa na kuondolewa kila alama iliyoweza kumsumbua mgeni aliyelipa kiingilio. Akitaka historia kweli, na aanze kwa kuuliza yule mzee msimulizi alikwenda wapi.

Nikitaja Sungura, msomaji wa Kiswahili hahitaji kutambulishwa. Ni yuleyule mdogo wa mwili na mkubwa wa akili anayemshinda Simba na Fisi katika hadithi za bibi zetu. Malawi na Zambia anaitwa Kalulu, na Wawolof wa Senegal wanamwita Leuk. Wengi wa waliotekwa na kupelekwa Marekani walitoka Afrika Magharibi na ya Kati, na wanyama wao wajanja walivuka bahari pamoja nao. Kwa hiyo sisi si watazamaji wa mbali katika ugomvi huu. Mashabiki wanapolilia rangi ya udongo na umbo la kisiki, bila neno lolote juu ya asili ya Sungura, wanalilia jumba na kumsahau mwenye nyumba.

Hoja ya pili ya mashabiki ni ya jiografia, nayo inatolewa kwa kujiamini sana: Louisiana, ambako hadithi ya mchezo mpya imewekwa, ni tambarare ya vinamasi, kilima kinatafuta nini pale? Wanaosema hivyo hawajaitazama Louisiana vizuri. Kusini mwa jimbo hilo, karibu na pwani, kuna Avery Island, mahali palipoinuka karibu mita 50 juu ya usawa wa bahari katikati ya vinamasi. Pameinuliwa na chumvi. Bahari ya kale ilikauka ikaacha tabaka nene la chumvi. Mashapo yakalifunika na kulielemea kwa mamilioni ya miaka, na chumvi, kwa kuwa ni nyepesi kuliko miamba iliyoizunguka na hulegea ikigandamizwa, ikapenya kwenda juu na kusukuma ardhi. Mwaka 1862, wakati wa vita, watu walifikia mwamba wa chumvi pale na kuanza kuuchimba. Pilipili ya Tabasco inatoka hapohapo tangu 1868. Na Avery Island si peke yake. Vilima vya aina hiyo viko vitano katika eneo lile, vimepangana mstari.

Wabunifu wa Disney walichagua kilima cha chumvi kwa sababu hiyo. Katika hadithi yao, Tiana, shujaa wa mchezo mpya, amenunua mgodi wa zamani wa chumvi na kuugeuza shamba na jiko. Avery Island inauzidi kwa mbali urefu mlima huu wa bandia, usiofika hata mita 30. Zaidi ya hapo, bustani ya Disneyland ina Matterhorn, mlima wa Uswisi, katika ardhi bapa ya Anaheim tangu 1959, na shabiki yuleyule anaupigia makofi. Hoja ya jiografia hutolewa mfukoni pale tu mlima unapobeba jina la mwanamke Mweusi. Hilo linatosha kutuonyesha kwamba jiografia si kiini chake.

Tufike kwenye tangi, maana ndilo linalochukiwa zaidi. Juu ya mlima mpya kuna tangi la maji lililoandikwa Tiana's Foods, na juu yake limewekwa taji. Wanasema linafanana na kiwanda, kwamba limeua ndoto, kwamba kileleni palistahili mti au kasri. Mimi nasema hapo ndipo wabunifu walipofikiri vizuri kuliko mahali pengine pote.

Tiana wa filamu ya The Princess and the Frog ya mwaka 2009 ndiye binti mfalme wa kwanza Mweusi wa Disney. Lakini kabla ya ufalme alikuwa mhudumu wa mgahawa aliyeweka akiba ya senti ili afungue wake. Wabunifu wake walimtazama mtu halisi: Leah Chase, aliyezaliwa 1923, mpishi wa Dooky Chase's Restaurant katika mtaa wa Tremé, New Orleans. Katika mgahawa ule wapigania haki, Weusi kwa Weupe, walikaa pamoja kupanga mikakati na kula supu yake ya gumbo, wakati sheria ikiwakataza kuketi meza moja. Mama Chase alipika pale hadi uzeeni, akafariki mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 96. Mwanamke wa namna hiyo ukimjengea kasri umemkosea. Alama yake ni jiko lenye jina lake mlangoni.

Na biashara inayotangazwa na lile tangi ni ushirika, mali ya wanaofanya kazi humo. Aliyekulia karibu na ghala la chama cha ushirika cha kahawa au pamba anajua jina lile ukutani lilikuwa na uzito gani kwa wakulima: lilisema kwamba jasho lao lina mwenyewe. Weka jina hilo Louisiana ya miaka ya 1920, chini ya sheria za ubaguzi, uliinue juu ya miti yote hadi lionekane kutoka ng'ambo ya mto. Walioona hapo chombo cha kuhifadhia maji tu walikataa kusoma maandishi yaliyokuwa mbele yao. Mlima wa kwanza uliwaondoa watu na kazi yao. Huu umeiweka kazi yao kileleni.

Hoja moja ya mashabiki naiheshimu, nayo ni ya rangi. Florida, ambako mchezo ulifunguliwa tena tarehe 28 Juni 2024, jirani yake ni Big Thunder Mountain yenye miamba myekundu ya jangwa la magharibi mwa Marekani. Wekundu wa Splash Mountain uliungana nao vizuri, jicho likapita kutoka mlima mmoja hadi mwingine bila kukwama. Kijani kibichi cha vinamasi kimevunja mwendelezo huo, na anayelalamika ana haki. Lakini California, ambako ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 2024, mambo ni kinyume. Pale mlima unapakana na New Orleans Square, mtaa uliojengwa mwaka 1966, na kitongoji chenyewe sasa kinaitwa Bayou Country. Kwa mara ya kwanza mlima ule na jirani yake wanazungumza lugha moja. Kwa hiyo tusihukumu milima miwili kwa kosa la mmoja.

Sasa dosari niliyoahidi kuitaja, ambayo makelele yamewazuia wengi kuiona. Mteremko wa mlima wa zamani ulikuwa na maana. Sungura amekamatwa, anamsihi adui yake amfanyie lolote ila asimtupe kwenye miiba. Adui anamtupa, na miiba ndiyo nyumbani kwake. Aliyesimama chini akitazama gogo likitumbukia katika kichaka aliona ujanja wote wa hadithi kwa mara moja, hata kama hajapanda. Anguko lilikuwa ushindi wa mnyonge. Katika mchezo mpya, mchawi mwema Mama Odie anawapunguza abiria hadi wanakuwa wadogo kama vyura, kisha anawarudishia kimo chao kabla ya kuporomoka. Ukiwa nje huwezi kulijua hilo. Kijani kinapendeza, tangi linasema lake, lakini mteremko wenyewe hausemi kwa nini mtu anaanguka.

Hiyo ndiyo kasoro ya kweli ya sura ya nje, kwa sababu mchezo wa maji huanza kusimulia tangu mtu akiwa mbali. Mteremko ndio unaomvuta, ndio unaomtisha, ndio unaompa sababu ya kupanga foleni juani. Wabunifu waliovuta wazo kutoka kwenye chumvi iliyo chini ya ardhi ya Louisiana walikuwa na uwezo wa kuupa mteremko huo neno lake. Wangeweza, kwa mfano, kuonyesha nje uzio wa shamba ukipungua kuwa mdogo kadiri gogo linavyoshuka, ili mtazamaji aone abiria wakirudia kimo chao. Hawakufanya hivyo, na wanastahili kuambiwa wazi. Lakini wataambiwa na nani, ikiwa kila mwenye sauti anapoteza pumzi yake kudai kisiki kirudi?

Ninachowataka mashabiki wafanye kina sehemu mbili. Kwanza, waache kuita mapenzi yao ya utotoni historia. Kumbukumbu ya mtoto aliyelowa maji akicheka pamoja na wazazi wake ni ya thamani, na hakuna tangi linaloweza kumnyang'anya. Lakini haimpi haki ya kudai kwamba kilima kilichofutwa watu kilikuwa kamili na kwamba waliorudisha watu ndio walioharibu.

Pili, anayempenda Sungura kwa dhati adai kitu kikubwa kuliko kisiki. Sungura hana hatia ya filamu ya 1946. Hakuuumba utumwa; aliwasaidia waliofungwa nao kucheka na kupanga. Mwaka 1989 alipewa mlima bila msimulizi wake, na sasa katika bustani za Marekani hana hata mlima. Disney ina fedha na mafundi wa kumsimulia upya, akiwa na asili yake ya Kiafrika na wazee Weusi waliomtunza wakitajwa kwa heshima, mahali pake mwenyewe, bila kumfukuza Tiana. Hilo ndilo dai lenye haki ndani yake. Mtu asiyekuwa tayari kulitoa, na anaendelea kunung'unikia rangi ya udongo, atambue kwamba hajawahi kumtetea Sungura.