AFYA YA JAMAA: Mbabula isilale ndani ya nyumba

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikiingia Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wengi wanaingiza mbabula chumbani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Mama, ujihazari! Makala yenye kuwaka vizuri haionyeshi moshi, lakini inatoa gazi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Inaingia katika damu na kukamata nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, moyo unachafuka, miguu inakosa nguvu, kisha mtu analala asiamke tena. Watu wawili ao watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, musiseme ni malaria ao uchawi. Mufungue milango, muwatoshe wote inje, mukimbie hospitali.

Moshi wa kuni nao unaua, lakini polepole. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 moshi wa nyumbani uliua watu karibu milioni 3,2, na kati yao watoto zaidi ya 237 000 wenye chini ya miaka 5. Mtoto wa mgongoni anavuta moshi ule ule wa mama yake.

Basi tufanye nini? Tupike inje, ao mahali penye hewa. Kuni ziwe kavu. Tufunike sufuria. Maharagi ilale ndani ya maji, itaiva upesi: makala itabakia katika mfuko, na miti ya pori itapumuzika.

Vijana, leo mbele ya kulala, muangalie: mbabula iko wapi?