Upepo wa Kusi na Mvua ya Jirani



 Juma hili tumeona tuzungumze juu ya upepo na mvua ya Bara la Asia, na juu ya wataalamu wa mataifa mbalimbali walioamua kushirikiana ili wayafahamu vyema mambo hayo. Huenda mama aliye jikoni akauliza yamhusu nini. Jawabu limo ndani ya sufuria yake.

Mwezi wa Julai 2023, serikali ya India ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usiokuwa basmati. Bei zilikuwa zikipanda nchini mwao, na mwenendo wa mvua ulikuwa umetia hofu. Marufuku hiyo haikuondolewa hadi Septemba 2024, na muda huo bei ya mchele ilipanda katika masoko ya dunia. Mwaka mmoja kabla yake, mwaka 2022, Pakistan, ambayo mchele wake tunaujua sana hapa pwani, ilikumbwa na mafuriko ya mvua za msimu yaliyoua watu zaidi ya 1,700 na kuwadhuru wapatao milioni 33. Basi pilau ya Ijumaa huanza kupikwa mbali sana na jiko letu, katika mashamba yanayongojea mvua. Kiasi cha robo tatu ya mvua yote ya mwaka nchini India hunyesha baina ya Juni na Septemba. Ikichelewa ni njaa, ikizidi ni gharika.

Mvua hiyo huletwa na pepo ambazo mabaharia wetu wanazijua tangu kale. Neno monsuni na neno letu msimu ni ndugu wa tumbo moja, yote mawili asili yake ni Kiarabu, mawsim. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikayarejesha. Mwishoni mwa karne ya 15, nahodha mashuhuri Ahmad ibn Majid aliandika kitabu cha elimu ya bahari kilichoeleza nyota, njia na nyakati za safari.

Kusi hiyo haikomei kwetu. Katika miaka ya 1960, mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater alichunguza vipimo vya maputo yaliyorushwa angani katika vituo vya Kenya, kikiwemo cha Garissa. Akabaini kwamba kuna mkondo wa upepo mkali, kiasi cha kilomita moja au moja na nusu juu ya bahari, unaotoka upande wa Madagascar, ukavuka ikweta hapa kwetu huku milima ya Afrika Mashariki ikiuzuia usipite magharibi, kisha ukageuka kupitia Somalia na Bahari ya Arabuni hadi India. Mkondo huo hubeba mvuke mwingi wa bahari. Kwa hivyo sehemu ya maji yanayonyesha kwa wenzetu imepita juu ya mapaa yetu.

Ilichukua muda mrefu watu kutambua kwamba taifa moja haliwezi kuifahamu mvua yake peke yake. Mwaka 1904, Gilbert Walker, mwanahisabati wa Kiingereza, alipewa uongozi wa idara ya hali ya hewa ya India. Nchi ilikuwa bado na kumbukumbu ya ukame na njaa ya 1899. Walker na makarani wake wa Kihindi wakakusanya hesabu kutoka pembe nyingi za dunia. Miongoni mwa mambo manne aliyoyatumia kubashiri mvua ya India mlikuwamo theluji ya Himalaya, mgandamizo wa hewa wa Mauritius na wa Amerika ya Kusini, na mvua ya Aprili na Mei ya Unguja. Karani wa Unguja aliyepima mvua na kuiandika daftarini alikuwa akimsaidia mkulima asiyemjua wala asiyejua lugha yake.

Kazi hiyo imeendelezwa. Mwaka 1996 ulianza mradi uitwao GAME, ulioongozwa na Profesa Tetsuzo Yasunari wa Japani. Wataalamu wa Japani, China, Thailand, Urusi na nchi nyinginezo walipima safari ya maji tangu Siberia yenye barafu, kupitia nyanda za juu za Tibet na bonde la mto Huaihe, hadi mashamba ya mpunga ya Thailand. Walitaka kujua ni kiasi gani cha mvua hutoka baharini, na kiasi gani hurudishwa hewani na udongo, miti na theluji. Ukafuatiwa na mradi wa MAHASRI, na baadaye AsiaPEX.

Hata hivyo, ushirikiano huu ni kitu chepesi kuvunjika. Mwaka 2017, China na India zilizozana mpakani huko Doklam. Msimu ule India ilisema haikupokea kutoka China vipimo vya maji ya mto Brahmaputra. China ilieleza kwamba vituo vyake vilikuwa katika ukarabati. Mwaka uliofuata vipimo vikaanza kupelekwa tena. Wakubwa wakitofautiana, anayelala bila habari ni mama wa Assam au wa Bangladesh, ambaye nyumba yake iko kando ya mto na watoto wake hawana pa kukimbilia usiku.

Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kwamba maji ni miongoni mwa vitu ambavyo watu ni washirika. Sisi tunaona kwamba, ikiwa maji yenyewe ni ya ushirika, habari za maji nazo ni amana. Anayejua kwamba mto umejaa huko juu, akanyamaza, amemdhulumu aliye chini.

Nasi tumenufaika na amana hiyo. Mwaka 1999 wataalamu wa India na Japani walieleza jinsi bahari yetu ya Hindi inavyopata joto upande wa magharibi na kupoa upande wa mashariki katika miaka fulani. Hali hiyo ilipotokea mwaka 2019, vuli ya Afrika Mashariki iligeuka mafuriko. Leo maboya ya kupimia, yaliyowekwa baharini kwa ushirikiano wa nchi kadhaa zikiwemo India, Japani, Indonesia na Marekani, husaidia kuitambua mapema. Na tangu 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika hukutana kabla ya misimu ya mvua na kutoa utabiri wa pamoja.

Basi tunawausia wazazi mambo matatu. Utabiri wa msimu utangazwapo, usikilizwe nyumbani na uzungumzwe, ili mitaro isafishwe na akiba iwekwe kwa wakati. Pili, binti au mvulana apendaye hesabu na jiografia asivunjwe moyo, kwani elimu hii ni ibada kwa mwenye kuitafuta kwa ajili ya kuokoa roho. Tatu, tunapomwomba Mola mvua yenye kheri, tuwakumbuke pia ndugu zetu wa Sindh, Assam na Bangladesh. Kutazama mawingu na kuyapima hakupunguzi tawakkul. Qur'ani Tukufu yenyewe inatutaka tuzizingatie pepo kuwa ni miongoni mwa ishara Zake.

Tukutane juma lijalo, insha Allah. Wabillahi tawfiq.